Mgomba wa Mwisho Juu ya Tuta

Juzi wajukuu zangu walikata mgomba nyuma ya jiko, na harufu ya utomvu ikanifikia barazani nilipokuwa nimekaa nachambua mchele. Ninyi mnaijua harufu ile, ya kitu kibichi kilichokatwa ghafla, yenye maji mengi na uchungu kidogo. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki, ufue usifue, na naona hata kichwani mwangu umegoma kutoka. Mchele ukanishinda. Nikauweka ungo chini, nikawa kitoto cha kike tena, nimesimama juu ya tuta la lambo na tope hadi magotini, namtazama mjomba wangu Shomari kwa jicho baya.

Nawasimulia ninyi kwa sababu hapa nyumbani wamekwisha kunichoka. Nikianza tu kusema "wakati wa Mdachi," kila mtu anakumbuka ana kazi mahali fulani.

Kwetu ni mlimani, Uluguru, katikati ya Kinole na Mkuyuni, kwenye mteremko ambao ukidondosha ndimu mlangoni unaikuta kwa jirani. Siku hizo nchi ilikuwa ya Wadachi, hao mnaowaita Wajerumani. Chini yetu, bondeni, alikaa mzungu mmoja mwenye shamba la mipira, na kwa kuwa hatukuweza kutamka jina lake tulimwita Bwana Mpira. Kiangazi miche yake ilikuwa ikinyauka, akataka maji. Jumbe wetu akaitwa, naye akatuita sisi, na watu wazima wote wakatolewa kwenda kuziba kijito chetu kwa ukuta wa udongo. Wanaume walichimba na kushindilia, wanawake wakabeba udongo kwa vikapu kichwani. Mimi nilikuwa mdogo mno, nakumbuka vumbi tu na nyimbo za kazi.

Udongo wenyewe ulichimbwa kwenye shamba la bibi yangu, mama yake mama. Sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, nanyi mkitaka kujua nani mwenye nchi, msiulize wanaume waliokaa barazani, ulizeni yule bibi aliyeinama shambani. Bibi ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo wetu pale. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Alisimama kwenye mpaka wa shamba lake, mikono kiunoni, anatazama vikapu vinapita mbele yake kimoja baada ya kingine.

"Udongo wangu unatembea," alisema. Hakusema zaidi siku ile. Lakini waliomjua walijua kwamba jambo halijaisha.

Na kweli halikuisha. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka, bibi mzaa mama hukifunga kwa jani, akakizika katika udongo wa ukoo na kupanda mgomba juu yake. Hiyo ni kazi ya akina mama peke yao. Mwanamume hakigusi kitovu, hakiulizi, wala hapiti karibu kinapozikwa. Sasa bibi akapiga hesabu zake. Udongo wa lile tuta umetoka kwake. Kwa kuhama haukuacha kuwa wa ukoo, kama vile mtu akihamia Mkuyuni haachi kuwa wa kwao. Basi watoto watakaozaliwa watazikiwa vitovu vyao pale pale juu ya tuta, na migomba itaota, na hapo tuone ni Mdachi gani atakayesema ukuta ule ni mali yake.

Akina mama walimshangilia. Ikawa kila mtoto akizaliwa, mgomba mmoja unapandwa juu ya tuta. Udongo ulikuwa laini, maji yako karibu, migomba ikanenepa kupita ya mashambani. Katika miaka michache tu tuta likawa shamba la ndizi lenye lambo pembeni. Mgomba wa mwisho kupandwa ulikuwa wa mdogo wangu Athumani, katikati kabisa ya tuta, mahali ambapo kijito cha zamani kilipita.

Na sisi watoto, jamani, tulikula raha! Msinielewe vibaya, kazi zilikuwepo, kuni na maji na kufukuza ndege, lakini kazi zikiisha hakuna mtoto aliyeonekana kijijini. Tulikuwa lamboni. Wavulana upande wa mawe, wasichana upande wa matete, na katikati ugomvi. Tulielea juu ya vigogo vya migomba vilivyofungwa kwa kamba ya majani. Lakini mchezo mkubwa ulikuwa kuteleza. Unachukua ganda la mgomba, bichi, lenye utelezi wake, unalikalia juu ya tuta, binamu yangu Tatu anakusukuma mgongoni, na unashuka upande wa nje wa tuta hadi bondeni huku unapiga kelele na tumbo limebaki juu. Tulitelezea pale pale kila siku mpaka tuta likawa na mifereji. Tuliujua kila mfereji kwa jina la mwenyewe. Wangu ulikuwa ndio mrefu kuliko yote, na nalisema hilo hata leo bila haya.

Kisha akarudi mjomba Shomari.

Alikuwa mtoto wa kiume wa bibi, ndugu yake mama, na alikuwa amekaa Mafiga miaka mingi akifanya kazi katika shamba jingine la wazungu. Kwetu mjomba si mtu mdogo. Mjomba ndiye anayekuoza, anayekusemea, anayekurithisha. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtoto akiugua bila sababu, mtu wa kwanza kutazamwa ni mjomba. Hayo tuliyanyonya pamoja na maziwa. Mjomba anapendwa na kuogopwa kwa pamoja.

Huyu wetu alirudi amekonda, msemaji haba, na hakumaliza mwezi jumbe akamfanya msimamizi wa tuta. Akapewa kofia nyekundu. Nawaambia, ile kofia ilimharibia kuliko chochote. Mtu aliyetoka kwa wazungu, akarudi na kofia ya wazungu, akalinda maji ya wazungu, mnadhani tungemwona vipi?

Alianza na sisi. Kuteleza marufuku. Mifereji yetu akaifukia na kuishindilia kwa miguu, wangu ukiwa wa kwanza. Kucheza chini ya tuta upande wa bonde marufuku, na ukionekana pale anakuja na fimbo. Njia ya akina mama ya kwendea mtoni, iliyopita chini ya tuta, akaiziba kwa miiba, wakalazimika kuzunguka. Kutwa nzima alitembea juu ya tuta amejiinamia, akichoma choma ardhi kwa kijiti na kunusa ncha yake. Tatu alisema ananusa watu waliokufa. Mimi niliamini, kwa sababu Tatu alikuwa mkubwa wangu na alikuwa na sauti ya kuaminika.

Kisha akagusa migomba.

"Mizizi inatoboa tuta," aliwaambia akina mama. "Mgomba ukioza chini, fuko wanaingia, maji yanapata njia. Kule Mafiga lambo lilipasuka hivi hivi. Likachukua watu waliokuwa wanafua."

"Mgomba umeanza lini kuua watu, Shomari?" akauliza mmoja wao, na wote wakacheka, kicheko kile kisichokuwa na furaha.

Kesho yake mgomba wa kwanza haupo. Keshokutwa, wa pili. Alikuwa anang'oa hadi kitako, anafukia shimo, anashindilia. Mama wa mtoto mwenyewe anakuja mbio kutafuta kitovu katika udongo uliofukuliwa, hakioni. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mtu aling'oa mgomba, sawa, na kitovu kimekwenda wapi? Ikasemekana Wadachi wanavitaka. Wanavipika dawa. Ndiyo maana wana nguvu, ndiyo maana bunduki zao hazikosi. Ikasemekana Shomari anavipeleka kwa Bwana Mpira ndani ya ile kofia nyekundu. Nilipoisikia hiyo ya kofia sikuweza tena kumtazama kichwani. Akina mama wakaanza kufunika vyungu alipopita. Alinipa muwa mara moja, akaumenya mwenyewe vizuri, na mimi nikaupokea kwa adabu zote, nikaenda kuutupa nyuma ya nyumba. Hata mbuzi nilimfukuza asiule.

Basi alfajiri moja nimetumwa maji. Ukungu umejaa, kilele cha mlima hakionekani. Nafika kwenye matete, namwona mjomba amepiga magoti katikati ya tuta, kwenye mgomba wa Athumani. Kofia ameivua, ameiweka pembeni. Anachimba kwa kijembe kifupi, polepole sana, kisha anaacha kijembe na kuendelea na jani la mgomba alilolikunja. Akatoa kitu kidogo. Akakiweka katika kikapu, akakifunika kwa kitambaa cheupe, akarudisha udongo, akaondoka na kikapu kuelekea vichakani, upande wa shimo kubwa ulikochimbwa udongo wa lambo. Kule hatukuwa tunakwenda. Kulikuwa na miiba na chatu, na aliyetuambia kuna chatu alikuwa ni mjomba huyo huyo.

Nilirudi bila maji. Nikamwambia mama. Mama alikuwa amempakata Athumani, na Athumani alikuwa ameamka na homa, mwili wote moto, macho hayatulii. Mama hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alinishika kinywa, akasema, "Usimwambie mtu yeyote. Nenda kamwite bibi."

Bibi alikuja, akanisikiliza. Kisha akachukua kibuyu cha maji akanipa nimbebee, akajitanda kaniki yake, tukaenda lamboni sisi wawili. Alipanda juu ya tuta kwa taabu, magoti yake yalikuwa yamekwisha chakaa. Akafika kwenye mgomba wa Athumani. Akapiga magoti, akaingiza mkono katika udongo wa shinani, ule uliolegea, akaupenyeza hadi kwenye kiwiko. Alikaa hivyo. Nilidhani anaomba dua, nikainamisha kichwa. Alipoutoa mkono ulikuwa na udongo tu. Akaufuta kwenye kaniki, akajigeuza, akakaa pale pale shinani juu ya udongo ule, miguu ameinyoosha mbele.

Haukupita muda mjomba akatokea na jembe kubwa begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniamkia, au umekuja na jembe?"

"Nimekuja na jembe, mama. Umebaki huu tu."

"Basi chimba. Anza na mimi."

Mjomba akautazama udongo aliokalia mama yake, kisha akamtazama mama yake usoni. Akafungua kinywa. Nilimwona, nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na mlango huu. Alikuwa na neno, liko ulimini. Kisha akakifunga kinywa, akageuka, akaondoka na jembe lake. Nami nikasema moyoni, umeshikwa, mchawi mkubwa wewe.

Tangu siku hiyo bibi alihamia juu ya tuta. Anakuja kunapokucha, anaondoka giza likiingia, na akiondoka anamweka mama. Tukamjengea kibanda cha majani ya mgomba. Akasukia mikeka pale, akala pale, akawagombeza wavulana wanaooga pale. Akina mama wote walijua: Bi Mkubwa anakilinda kitovu cha mwisho, Shomari hatakipata. Walimletea viazi na uji kwa heshima. Akimwona mwanawe anakaribia, alikuwa akijiweka sawa pale shinani kama kuku aliyeatamia.

Athumani homa yake ikawa inapanda na kushuka. Ikishuka tunasema, ni kwa sababu bibi amekaa. Ikipanda tunasema, ni Shomari. Ninyi mnaosoma haya mmetulia hamwezi kujua jinsi maneno kama hayo yanavyoingia ndani ya mtoto. Nilimpenda Athumani kwa mapenzi ya kumuuma mashavu, na nilimchukia mjomba kwa nguvu hizo hizo. Kila alichofanya nilikipa maana. Akitazama mbingu, anaita mvua ituangamize. Akibeba udongo kuongezea chini ya tuta, pale chini ya mgomba wa Athumani, anatafuta njia ya kupita kwa chini akiibe kitovu. Hata kukohoa kwake nilikutilia shaka.

Nyumbani watu walikuwa wamekwisha anza kusema maneno mazito. Wazee walitaka aitwe mganga wa Matombo. Mganga akija na kumtaja, mjomba angefukuzwa mlimani akiwa na bahati, na asipokuwa na bahati, angekutwa njiani asubuhi moja hana uhai, na hakuna ambaye angeuliza. Bibi ndiye aliyewazuia. Aliwaambia wangoje, kitovu bado kipo, yeye amekikalia.

Masika ikaingia kwa fujo. Ilinyesha mfululizo, kisha mchana mmoja jua likatoka, milima yote inatoa moshi, na lambo limejaa pomoni, maji yamelingana na tuta. Mfereji wa pembeni wa kumwagia maji ya ziada ulikuwa unanguruma. Sisi watoto tuliona sikukuu. Tulijitosa wote, wavulana na wasichana, hakuna cha mawe wala matete. Bibi alikuwa kibandani kwake anasuka. Mama alikuwa naye, Athumani mgongoni.

Ghafla mjomba akaja anapanda mbio kutoka upande wa bonde. Sijapata kumwona mtu mzima akikimbia vile. Kofia ilikuwa imedondoka.

"Tokeni! Tokeni majini! Maji ya chini yanatoka machafu!"

Hatukumwelewa. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya tuta tangu zamani, sasa machafu yana nini? Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba maji safi yakivuja yamepita tu, bali yakivuja na tope yanakula tuta kutoka ndani. Siku ile hakukaa kutueleza. Aliingia majini na fimbo, akatuchapa miguu na migongo bila kuchagua, akamrusha Tatu nchi kavu kwa mkono mmoja. Tukakimbilia upande wa mawe tukilia na kumtukana. Mama naye akashuka tuta, mtoto mgongoni, akitufuata.

Bibi hakunyanyuka.

"Mama, linapasuka."

"Lipasuke."

"Mama, nakuomba."

"Sitoki hapa, Shomari. Unajua sitoki."

Basi akafanya jambo ambalo kwetu halijapata kufanywa. Alimwinamia mama yake mzazi, akamshika kiunoni, akamtupa begani kama gunia la mtama, mbele ya watoto na wanawake, kaniki imepanda, miguu inapiga hewani. Akakimbia naye. Bibi alikuwa anampiga ngumi za mgongo. Wamefika kwenye mawe tu, nikauona mgomba wa Athumani unatikisika, hali hakuna upepo. Ukainama taratibu, ukakaa kidogo, ukazama. Kisha tuta likafunguka pale pale katikati, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya chini, niliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Lambo letu lote likapita kwenye lile tundu. Likaifagia ile njia ya zamani ya akina mama, likaenda kulala juu ya miche ya Bwana Mpira. Hakuna mtu aliyekufa. Hakukuwa na mtu chini, kwa sababu ya ile miiba.

Lakini hayo hatukuyawaza. Kilio kilichopigwa kilikuwa kimoja tu: "Kitovu! Kitovu cha mtoto kimekwenda na maji!" Mama alianguka chini na Athumani mgongoni. Wanawake waliotoka kijijini kwa ule mshindo walifika na michi mikononi, wakamzunguka mjomba. Alikuwa bado anahema, amemshusha bibi chini, matope yamemjaa hadi kwenye nyusi. Mmoja akasema, "Ndicho alichokuwa anakitaka." Michi ikanyanyuka.

Mjomba akasema kwa sauti kubwa, "Kitovu cha Athumani hakikuwa pale. Mimi nilikwisha..."

Hakumaliza. Bibi alimrukia akamziba kinywa kwa kiganja. "Nyamaza, Shomari! Nyamaza, mwanangu!" Jambo hilo lilinishangaza hata nikiwa mdogo: yule aliyekuwa akimlinda mtoto wetu dhidi ya mchawi, leo anamzuia mchawi asikiri.

Mjomba aliushika ule mkono, akautoa kinywani polepole. "Hapana, mama," akasema. "Njooni nyote mwone."

Tulimfuata hadi kwenye lile shimo lililochimbwa udongo wa lambo. Akasogeza miiba, tukaingia. Chatu hakuwepo. Ilikuwepo migomba michanga, imepandwa kwa mstari, kila mmoja umewekewa mboji na kuzungushiwa mawe madogo. Ilikuwa katika mpangilio ule ule wa juu ya tuta, mama kwa mama, mtoto kwa mtoto, na wa Athumani katikati. Akina mama wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akasimama kwenye wake bila kuonyeshwa. Mjomba alikuwa amevirudisha vitovu vyote katika udongo wa bibi, mahali ulipotoka kabla haujaanza kutembea.

Alikuwa amejiinamia, haya zimemshika. Hakuweza kutuambia mapema, maana angesema nini? Kwamba yeye, mwanamume, alipekua vitovu vya watoto wa watu? Aliona heri aitwe mwizi wa migomba.

Bibi alimkaribia. "Ulivishika kwa mkono gani?" akauliza.

"Sikuvishika, mama. Nilivichukua kwa jani."

Bibi akakaa chini kwenye tope, akalia kwa sauti hadi akina mama wakaogopa. Mimi nilidhani analilia lambo.

Siku chache baadaye askari walikuja kumchukua mjomba, wakampeleka bomani Morogoro, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kuacha tuta la Bwana Mpira lipasuke. Kofia walirudi nayo wao. Alipoletwa nyumbani hakuweza kulalia mgongo, na bibi ndiye aliyemkanda kwa majani na mafuta ya nyonyo, hakumruhusu mtu mwingine kumgusa. Athumani alipona homa yake, kama watoto wanavyopona. Lambo halikujengwa tena. Vita vya wazungu vilikuja na Bwana Mpira akaondoka. Lakini kila masika lile shimo lilijaa maji ya magotini, na mjomba mwenyewe ndiye aliyetukatia ganda la kwanza, akatuonyesha ukingo gani ni mgumu wa kutelezea. Muwa wake siku hizo nilikula hadi meno yakauma.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi ndipo nilipoishia. Kisha Wadachi wakaondoka, nami nikakua, nikaolewa, nikazaa. Kitovu cha mwanangu wa kwanza kilipodondoka, mama alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuja kukizika, amekuwa mkongwe, namshika mkono. Tulikuwa wawili tu mle shimoni katikati ya migomba. Akafukua kishimo kwa vidole, akaacha mkono wake ndani ya udongo, kama siku ile. Akasema bila kunitazama:

"Pale juu ya tuta palikuwa patupu. Nilijua tangu asubuhi ile niliyoingiza mkono."

Sikuelewa. Nikamwuliza, basi alikuwa analinda nini siku zote zile, jua na mvua?

"Wanawake wangechimba wakakuta patupu, wangemuua. Nikapakalia."

"Ulijua amekitunza?"

"Nilijua amekiuza," akasema bibi. "Nilijua kabisa. Hata angeuza vyote. Kitovu chake yeye nilikizika mimi."

Akafukia, akapiga piga udongo, akanikamata mkono nimnyanyue. Alikuwa na ombi moja, mjomba asijue kamwe kwamba mama yake aliwahi kumdhania. Nikaahidi. Bibi akafa mwaka uliofuata.

Mjomba Shomari aliishi muda mrefu baada yake. Uzeeni alipenda kukaa pembeni ya lile shimo, mgongo wenye makovu ameuelekeza juani, akiwatazama watoto wangu wanateleza. Siku moja alitikisa kichwa, akacheka kidogo.

"Mama yangu alikuwa mkaidi," akaniambia. "Angenyanyuka siku moja tu, ningeung'oa ule mgomba, na lambo lingekuwepo hadi leo."

Nikamtazama, nikamenya muwa, nikampa.

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Alikuwa mkaidi sana."